Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kazi ya akwariamu na samaki wa maji baridi

Nimeamua kuyaweka yote sehemu moja kwasababu meseji zimekuwa nyingi na wengi mnauliza kitu kilekile, nikijibu mmoja mmoja nachoka halafu wa mwisho anapata jibu fupi wakati yeye ndo alikuwa na swali zuri. Kwa wasionijua, nimezaliwa Mwanza, nimekulia Kirumba karibu kabisa na mwalo, sasa hivi nafanya kazi kwenye akwariamu moja kusini mwa Marekani. Nusu ya kazi yangu ni maabara na mito, nusu ni kufundisha watoto na wageni. Jina la mwajiri siliweki maana haya ni maoni yangu mimi.

Dada shikamoo, mimi nilijua akwariamu ni sehemu ya kuangalia samaki tu, sayansi inaingiaje hapo?

Marahaba mdogo wangu. Unachokiona mbele ya kioo ni sehemu ndogo sana. Nyuma kuna korido zimejaa matangi ambayo mgeni hayaoni, mengine kama bafu, mengine kama ndoo, na humo ndo kuna samaki wa karantini, wagonjwa, wazazi wa kuzalishia, na vifaranga wanaosubiri kupelekwa mtoni. Chukua mfano wa Tennessee Aquarium, iko Chattanooga pembeni kabisa ya mto Tennessee, ilifunguliwa 1992, na wana taasisi yao ya uhifadhi inayoshughulika na viumbe wa mito ya hapohapo. Mto ule ulikuwa na samaki anaitwa stajeni, mrefu, hana magamba ya kawaida ila ana vibao vya mfupa mgongoni na ndevu nne chini ya pua, anaweza kuishi miaka 100. Mabwawa, uchafu na uvuvi vikammaliza, kufika miaka ya 1970 hayupo tena. Basi wao na wenzao wakaanza kuleta mayai kutoka jimbo la Wisconsin, wanaangulia, wanalea, na toka mwaka 2000 wanaachia vifaranga mtoni. Sasa jike la stajeni linaweza kuchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, yaani aliyeachia wale wa mwanzo alikuwa anajua kabisa kwamba matokeo atayaona akiwa mtu mzima wa kukaribia kustaafu, na bado akaachia. Hiyo ndo sayansi yenyewe, inataka mtu wa kusubiri.

Maji baridi ndo maji ya kwenye friji? Na kwanini usichague bahari, papa na pomboo ndo wanavutia

Hapana, maji baridi maana yake maji yasiyo ya chumvi, ya ziwa, mto, bwawa, chemchemi, hata yakiwa ya moto bado tunayaita baridi.

Kwanini sio bahari, ntakwambia kwa ndoo maana ndivyo ninavyofundisha. Chukua ndoo ya lita 20 ijaze, tuseme hayo ndo maji yote ya dunia. Chota nusu lita weka pembeni, hiyo nusu ndo maji yasiyo na chumvi. Sasa kwenye hiyo nusu lita sehemu kubwa ni barafu, inayofuata iko chini ya ardhi, na maji ya mito na maziwa yote duniani, Victoria, Tanganyika, Nyasa, Amazon, Kongo, Nile, yote, hayafiki hata nusu ya kijiko cha chai. Matone tu. Halafu ndani ya hayo matone ndo wanaishi karibu nusu ya aina zote za samaki tunazozijua. Watoto wakifika hapa huwa wananyamaza. Na utafiti mkubwa uliotoka Januari 2025 uliangalia aina zaidi ya 23,000 za samaki, kaa, kamba na kereng'ende wa maji baridi, ukakuta karibu robo, asilimia 24, wako kwenye hatari ya kutoweka. Papa ana watu wengi wa kumsemea. Ningu wa mto Kagera anasemewa na nani?

Mbona kila siku unaongelea furu? Sisi huku furu tunawafanya chambo

Najua, furu ni samaki wadogo wa ziwani kwetu, na mimi nimekulia hivyohivyo. Bibi yangu alikuwa anawaanika juani pale mwaloni, tunawala na ugali, wengine wanaenda kuwa chambo cha ndoano za sangara, na hakuna aliyekuwa anauliza huyu ni furu gani, furu ni furu. Wajaluo wanamwita fulu, Waganda nkejje, ni yuleyule.

Ila sikiliza. Ziwa Victoria peke yake lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na karibu wote hawapatikani sehemu nyingine yoyote duniani. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovunja konokono, wapo wanaokula magamba ya wenzao, wapo wanaomlazimisha mama mwenye vifaranga mdomoni avitapike ili wavile. Yote hayo ndani ya ziwa ambalo wanasayansi wanasema lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita likajaa upya. Kwa mambo ya mageuzi ya viumbe hiyo ni kama jana.

Sangara akaletwa miaka ya 1950 na 60. Akakaa kimya muda mrefu, halafu miaka ya 1980 akalipuka, na inakadiriwa aina kama 200 za furu zikapotea. Lakini kosa sio la sangara peke yake na hapa watu wengi hawafiki. Mbolea na maji taka yaliyoingia ziwani yalifanya maji yawe na ukungu, na jike la furu linachagua dume kwa rangi. Maji yakiwa machafu rangi hazionekani vizuri, jike anakosea, aina mbili zinachanganyika zinakuwa moja. Yaani unaweza kumpoteza samaki bila hata mmoja kufa.

Na kuna mmoja nampenda kuliko wote. Jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei. Pundamilia kwa ajili ya mistari yake, nyererei ni Mwalimu Nyerere, jina hilo la nyererei walimpa mwaka 1985. Dume lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, anaishi kwenye miamba ya upande wetu wa kusini. Mimi nimemjua samaki mwenye jina la Mwalimu nikiwa na miaka 23, darasani, ugenini, kwenye slaidi, wakati nimekua naye mita chache kutoka nyumbani. Siku ile ndo niliamua.

Toka miaka ya 1990 kuna akwariamu za Marekani na Ulaya zinazotunza baadhi ya aina za furu, wengine hawajaonekana ziwani kwa miaka mingi. Na kwa upande wa ziwani sio kwamba wote wameisha, sangara alipovuliwa sana kuna furu walioanza kurudi. Kwahiyo hii sio habari ya msiba, kazi ipo.

Siku yako ya kazi inakuwaje?

Nafika saa moja asubuhi na siwashi taa zote. Nasimama mbele ya kila tangi natazama tu kama dakika mbili. Nani amejitenga kwenye kona, nani anapumua haraka, nani mapezi yamekunjwa, nani jana alikuwa anafukuza wenzake na leo anafukuzwa. Hili huwezi kulisoma kwenye kitabu, na ukiniuliza ujuzi gani namba moja ntakwambia ni huu wa kutazama.

Tuseme naona jike la furu koo limevimba na chakula likirushwa haligusi. Huyo ana mayai mdomoni. Namwandika kwenye kitabu na tarehe, na wiki mbili tatu baadaye namtoa kwa wavu laini. Unalowesha mkono kwanza, ukimshika na mkono mkavu unamtoa ute wake na ute ndo ngozi yake ya kumlinda, halafu unamshika kichwa kikiangalia chini, unafungua taya taratibu na kijiti kisicho na ncha, unamchovya kidogo kwenye maji, na vifaranga vinaanza kumwagika kimoja kimoja, macho makubwa kuliko mwili, kila kimoja kinashuka chini kinatulia. Unahesabu. Siku moja nilihesabu 34 kutoka kwenye mdomo wa mama asiyefika urefu wa kidole changu cha kati. Nimefanya mara nyingi sana na bado huwa nashikilia pumzi.

Baada ya hapo ni maji. Amonia, nitraiti, nitreti, pH, joto. Samaki anatoa amonia, amonia inaua, bakteria wazuri kwenye filta wanaigeuza kuwa nitraiti ambayo nayo inaua, halafu bakteria wengine wanaigeuza kuwa nitreti ambayo ni afadhali. Ukielewa sentensi hiyo moja umeelewa nusu ya kazi ya kutunza samaki. Inayobaki ni kunyonya uchafu kwa mpira, kusugua vioo, kuosha filta, kulisha dafnia (vidudu vidogo vya majini) na minyoo iliyogandishwa, kuandika kila kitu. Utanuka samaki, zoea tu.

Siku za mtoni tunavaa mabuti yanayofika kifuani. Tunapima oksijeni, tunavuta nyavu ndogo, tunahesabu tunawarudisha. Siku hizi tunachota pia maji kwenye chupa tunayachuja tunatafuta DNA, maana samaki akipita anaacha ute na kinyesi na vipande vya ngozi, unaweza kujua yupo hata kama hujamwona.

Ni samaki tu au kuna viumbe wengine?

Wapo, na ukiniuliza kipenzi changu huku ni kome wa mtoni. Marekani Kaskazini ina karibu aina 300 za kome wa maji baridi na ndo miongoni mwa viumbe walio kwenye hali mbaya zaidi nchi hii. Kome mtoto lazima aishi kwanza amejishika kwenye matamvua ya samaki, wiki kadhaa, ndo anadondoka anaanza maisha yake chini. Sasa kome hawezi kumfukuza samaki, anafanyaje? Kuna aina ambazo jike anatoa kinyama nje ya gamba kimefanana kabisa na kisamaki, kina mkia, kina doa la jicho, anakichezesha. Samaki mkubwa anakuja kuuma, kome anamrushia maelfu ya watoto mdomoni. Nilivyoona mara ya kwanza nilidhani ni kisamaki kweli. Sasa ndo ujue, ukitaka kumwokoa kome lazima uwe na samaki wake sahihi, na hapo ndo akwariamu inakuwa na faida kwasababu samaki inao na matangi inayo.

Nisome nini? Niko form six PCB (fizikia, kemia, baiolojia)

Uko sehemu nzuri. Baiolojia, sayansi ya viumbe wa majini, uvuvi, ufugaji wa viumbe maji, vyote vinafaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro wanayo, na usidharau FETA, wakala wa mafunzo ya uvuvi, kampasi za Nyegezi na Kigoma ziko ziwani kabisa na cheti au diploma yao inakupa mikono, huku nimeona watu wana masters na hawajui kufunga pampu. Kemia usiikimbie, kazi yetu kubwa ni kemia ya maji. Takwimu pia, jifunze programu ya R mapema, ni bure. Na kuandika. Ripoti ambayo haieleweki ni sawa na utafiti ambao haukufanyika.

Sijui kuogelea, naruhusiwa?

Unaruhusiwa kuanza lakini jifunze. Kazi za mtoni bila kuogelea ni hatari, tumezika watu wa ziwani wengi mno ambao walikuwa hawajui kuogelea. Skuba sio lazima kila sehemu ila matangi makubwa yanasafishwa na wapiga mbizi, ukiwa na cheti unakuwa juu ya wenzako kwenye maombi.

Mshahara?

Ntasema ukweli. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zilionyesha mshahara wa kati wa wanabaiolojia wa wanyama ni dola 70,600 kwa mwaka, lakini hapo wamo wa serikalini wenye uzoefu mrefu. Mtunza matangi au mwalimu wa akwariamu anayeanza anapata chini ya hapo sana, na kodi ya nyumba inaisubiri hela hiyohiyo. Halafu samaki wanakula Krismasi, wanakula Idd, wanakula kukiwa na theluji. Nina mwenzangu aliacha akaenda kwenye kompyuta, simlaumu. Mimi nimebaki.

Upande wa kufundisha ukoje, maana mimi ni mwalimu wa msingi

Basi wewe una kitu ambacho wanasayansi wengi hawana. Kumfanya mtoto wa miaka saba asimame dakika tano mbele ya samaki wa kijivu asiyecheza sio kazi ndogo. Sianzi na jina la kilatini. Naanza na swali, huyu mdomo wake umeangalia wapi? Chini. Kwahiyo anakula wapi? Mtoto anajibu mwenyewe. Kwenye tangi la kugusa nawaambia vidole viwili, mgongoni, taratibu kama unampapasa mtoto mchanga aliyelala. Kuna binti alikuja na darasa lake, hasemi na mtu, walimu wakaniambia ndivyo alivyo. Akaweka vidole viwili mgongoni kwa stajeni, akakaa hivyo wenzake wote wakaondoka, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, mama yake yuko wapi? Nikamwambia Wisconsin, mbali, na huyu atarudishwa mtoni akikua. Akauliza, atapajua? Hilo swali ni la utafiti kabisa, watu wanaweka samaki vifaa vya kutoa sauti na kuwafuata mtoni ili walijibu.

Na huwa nasimulia kamongo. Akwariamu ya Shedd kule Chicago ilikuwa na samaki wa mapafu wa Australia, ndugu wa kamongo wetu, walimpokea 1933 akakaa hadi 2017. Babu alimwona, mjukuu akamwona, samaki yuleyule.

Umewahi kuharibu?

Ndio. Mwaka wangu wa pili, sehemu nyingine sio hapa nilipo. Nilikuwa nabadilisha maji nikafungulia bomba la mjini, simu ikaita, niliporudi nikaendelea kana kwamba nimeshaweka dawa ya kuondoa klorini. Sikuweka. Maji ya bomba yana klorini kwa ajili yetu sisi, ila inaunguza matamvua ya samaki. Asubuhi nikakuta 11 wamelala chini, na ilikuwa aina ambayo hawapo wengi duniani. Msimamizi hakunifokea, alinipa kalamu akaniambia andika kila hatua, na ile karatasi ikabandikwa ukutani kwa ajili ya wengine. Nililia kwenye gari. Toka siku ile simu haiingii kwenye chumba cha matangi, na dawa inaingia kabla ya maji.

Kufungia samaki si ukatili? Kwanini msiwarudishe tu ziwani?

Swali halali na mimi nalibeba. Kuna samaki hawapaswi kuwa kwenye kioo na kuna sehemu zinafuga kwa ajili ya kiingilio tu. Lakini kurudisha sio kumwaga ndoo. Samaki aliyekaa kwenye tangi anaweza kubeba ugonjwa ambao ziwa halijawahi kuuona, na kama kilichomuua bado kipo unampeleka kufa tena. Tafadhali hata wewe mwenye kitangi nyumbani, ukichoka na samaki wako usimwachie mtoni.

Ila inawezekana, na mfano wetu ni chura wa Kihansi. Alijulikana 1996 kwenye korongo la maporomoko ya Kihansi, Udzungwa, eneo la hekta chache tu lenye manyunyu ya maji, na anazaa watoto kamili, hana viluwiluwi. Bwawa la umeme lilipoanza maji ya maporomoko yakapungua sana. Mwishoni mwa 2000 wakachukuliwa chura 499 kwenda Bronx Zoo, New York, wakaja kulelewa na Toledo Zoo pia. Korongoni wakaweka mabomba ya kunyunyizia, lakini 2003 waliobaki wakaporomoka, ugonjwa wa kuvu ukiwa mmoja wa watuhumiwa, na 2009 wakatangazwa wameisha porini. Mwaka 2010 chura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Miaka 12 ya watu kulisha vidudu vidogo kila siku kwenye vyumba vyenye ukungu wa maji. Bila hao watu leo tungekuwa na picha tu.

Niko Kisumu / Kigoma / Uvira, lazima nije Marekani?

Sio lazima na kwa kweli ningependa wengi mbaki. Taasisi za utafiti wa uvuvi zipo hukohuko, Kisumu kuna KMFRI, Tanzania TAFIRI ina vituo Mwanza, Kigoma na Kyela, Jinja kuna NaFIRRI na ofisi za shirika la uvuvi la Ziwa Victoria, Uvira kuna kituo cha utafiti wa hidrobiolojia. Kwa kufundisha, Mwanza kuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane dakika chache kwa boti kutoka mjini, na hifadhi ya Mahale ina ukanda wa Ziwa Tanganyika ndani yake. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na samaki ambao watu wa Ujerumani na Japani wanawafuga sebuleni, wakati mtoto wa Ujiji hajawahi kuelezwa kwamba hawapo kwingine.

Ukija huku njia ya kawaida ni viza ya mwanafunzi, F-1, ukimaliza unaruhusiwa mwaka mmoja wa kufanya kazi ya fani yako na kozi za sayansi zinaongezewa miezi 24. Fuata ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako, sio mtu wa kwenye grupu. Na intanshipu omba zinazolipa kwanza.

Sina hela, sina laptop, naanzaje leo?

Daftari na kalamu. Nenda mwaloni alfajiri boti za dagaa zinaporudi, salimia wazee vizuri, kaa pembeni. Andika tarehe, wamevua wapi, wavu gani, na kila samaki jina wanalomwita wao, sio la kitabuni. Mvuvi wa miaka 60 anatofautisha furu ambao mimi na hadubini yangu nahangaika nao, na hayo majina yanapotea kwasababu hakuna anayeyaandika. Piga picha ya ubavu, samaki kichwa kushoto, weka sarafu pembeni kuonyesha ukubwa, mapezi yawe wazi. Fanya hivyo kila Jumamosi miezi sita. Ukiwa na hilo daftari nitumie picha ya kurasa tatu, tutakaa tuongee hatua inayofuata.